Mrejesho: barua ya mapendekezo, nilimwendea mwalimu wa Kemia

Wakuu, shikamooni. Mwaka jana niliuliza: naomba vyuo vya Marekani, barua ya mapendekezo aniandikie mkuu wa shule mwenye jina kubwa, au mwalimu wa Kemia aliyeniona nikitoka F kidato cha tano hadi B?

Wengi mlisema Kemia. Nikamfuata ofisini wiki sita kabla ya tarehe ya mwisho, nikampa karatasi ya kumkumbushia: ile F, na jioni nilizokuwa nawaelekeza wenzangu titresheni. Pia nilikubali kutoisoma barua, kama mlivyonishauri.

Nilipoteleza ni hapa. Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuombea vyuo vya Marekani, humtumia mwalimu kiungo cha kuwekea barua kwa baruapepe, na mwalimu wangu ni mtu wa WhatsApp. Kiungo kilikaa kwenye folda ya taka (spam) hadi tarehe 1 Novemba, mwisho wa awamu ya mapema, ikapita! Ikabidi nisubiri awamu ya Januari. Safari hii nilikaa naye stafu, tukakifungua pamoja kwenye laptopu yake.

Vyuo vitatu vimenikataa. Kimoja kimenipokea, ila ufadhili wake ni nusu, bado tunahangaikia iliyobaki. Aliyesema "mpigie simu, usitegemee baruapepe", nilikupuuza. Nisamehe, na asante sana.