Tafiti za demensia zinaelekea wapi?

Swali:
Wadau, kila makala ya kitaalamu ninayoifungua kuhusu demensia (maradhi ya ubongo yanayodhoofisha kumbukumbu na fikra) inazungumzia protini ya amiloidi, ile inayorundikana ubongoni. Je, watafiti wameng'ang'ania njia moja, au ni mimi ninayesoma upande mmoja?

Jibu la kwanza:
Ndugu, hujakosea sana. Tangu nadharia ya amiloidi, yaani kwamba mrundikano wa protini hiyo ndio chanzo cha Alzeima (aina kuu ya demensia), ilipowekwa bayana mwaka 1992, fedha nyingi zilielekezwa huko, na dawa ya lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu nchini Marekani mwaka 2023, ni tunda la njia hiyo, ingawa inapunguza kasi ya ugonjwa tu, haiuponyi. Tena, makala moja mashuhuri ya mwaka 2006 iliyounga mkono nadharia hiyo ilifutwa na jarida la Nature mwaka 2024 kwa sababu ya picha zilizochezewa.

Jibu la pili:
Usisahau mkondo wa kinga. Tume ya jarida la kitabibu la The Lancet ilitaja vihatarishi (mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia) 9 mwaka 2017, 12 mwaka 2020 na 14 mwaka 2024, vya karibuni zaidi vikiwa lehemu mbaya iliyozidi na uoni hafifu usiotibiwa.

Jibu la tatu:
Mimi nauliza ni nani anayechunguzwa. Marekani na China ndizo zinazoongoza kwa wingi wa machapisho, ilhali zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati (China yenyewe ikiwamo). Mzee ambaye hakupata kushika kalamu, akiambiwa achore uso wa saa kama kipimo cha demensia, atapata alama duni hata kama kumbukumbu zake ni timamu.

Muulizaji:
Ahsanteni. Nitaanza na vipimo hivyo.