Naomba ushauri: PT (mafunzo kwa vitendo) mwaka wa tatu, saiti au ofisi ya usanifu?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nasoma uhandisi ujenzi hapa Dar, mwaka wa tatu, na nalenga uhandisi wa miundo. Nimepata nafasi mbili za PT ya wiki 8 na wanataka jibu wiki hii.

Moja ni kwa mkandarasi wa barabara anayejenga boksi kalvati (njia ya zege ya umbo la boksi ya kupitisha maji chini ya barabara): kukagua nafasi za nondo na kava (unene wa zege unaofunika nondo) kabla ya kumwaga, kupima slampu (ulaini wa zege bichi) kila gari la zege likifika, na kutengeneza vipande vya zege vya mchemraba wa milimita 150 vya kuvunjwa siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu. Tatizo, wanafunzi wengi huishia kuhesabu mifuko ya saruji. Nyingine ni kwa mhandisi mshauri, hesabu za boriti kwa Eurocode 2 (kanuni za Ulaya za usanifu wa zege), ila huko nako unaweza kumaliza PT ukirekebisha michoro ya AutoCAD tu.

Msimamizi chuoni kasema popote sawa, mradi logibuku (daftari la kazi za kila siku za PT) ijae. Waliotutangulia wamegawanyika.

Naombeni mnisaidie: kwa anayetaka miundo, kisha SEAP (mafunzo ya kazini ya wahandisi wahitimu) ya miaka 3 chini ya ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi), ipi ina faida zaidi? Na siku ya kumwaga zege niandike nini kwenye logibuku zaidi ya "leo tumemwaga zege"?