Naomba ushauri: konokono wangu wa baharini wamezaa, lakini watoto wanakufa ndani ya usiku mmoja

KiooSafi
Wakuu, habari za wakati huu. Ninafuga samaki wawili na konokono kadhaa katika tangi la maji ya chumvi la lita 200, ambalo limetimiza mwaka mmoja na nusu. Konokono wakubwa ni sita, aina ya Turbo, au ndivyo nilivyoambiwa nilipowapata. Wengine wanne ni wadogo, hujifukia mchangani na hutokeza pale tu wanaponusa chakula.

Wiki iliyopita, muda mfupi baada ya taa kuzimwa, mmoja wa wale wakubwa alipanda hadi karibu na uso wa maji, akainua gamba lake, akaanza kutoa kitu cheupe kama moshi. Dakika chache baadaye wengine wawili wakafanya vivyo hivyo, na maji yote yakawa kama yametiwa maziwa. Asubuhi nilikuta vifuko vidogo bapa, vinavyong'aa, vimebandikwa kwenye kioo kwa mistari. Siku ya nne nikaona konokono wadogo weupe, mfano wa punje za mchele, wakiwa karibu na wazazi wao.

Niliwahamisha 15 kwenye tangi dogo la lita 40 lenye chujio la sponji linaloendeshwa kwa hewa. Kulipokucha wote walikuwa wamekufa. Nikahamisha 10 wengine, nao wakafa. Vipimo ni vizuri: chumvi gramu 35 kwa kilo, joto nyuzi 25, kalsiamu miligramu 420 kwa lita, amonia sifuri. Ni dhahiri kwamba wanakufa kwa njaa. Swali langu ni moja tu: konokono wa umri huu hulishwa nini?

BabuWaMwani
Hongera sana. Mtoto wa konokono anayekula mwani halishwi kwa mkono. Anajilisha ule utando mwembamba wa kahawia na kijani unaoota juu ya kioo na mawe, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuacha kusugua vioo. Najua wengi wenu mnaona fahari kioo kikimeta, na jina lako lenyewe linanitia wasiwasi. Mimi niliacha upande mmoja wa tangi bila kuusugua kwa miezi minne kwa sababu ya uvivu, si kwa sababu ya elimu, na usiku mmoja nikamulika tochi nikakuta konokono wadogo aina ya Stomatella zaidi ya arobaini, wakubwa kwa wadogo, ilhali niliingia nao watatu waliojificha kwenye jiwe. Tangu siku hiyo uvivu wangu nauita utaalamu.

PovuJeupe
Huo moshi usiuchukulie kwa wepesi. Wangu walipomwaga, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu kilifurika usiku kucha, kikamwaga maji sakafuni, na mimi nimelala. Mbegu na mayai yasiyorutubishwa huoza, na katika tangi dogo amonia inaweza kupanda. Weka mkaa wa kuchujia na uwe tayari kubadilisha maji.

Mama Chujio
Ndugu KiooSafi, konokono hafi njaa kwa usiku mmoja, hata awe mdogo namna gani. Viumbe 25 wakifa kwa zamu mbili katika tangi lile lile, mimi siulizi chakula, nauliza tangi. Hilo la lita 40 lilikuwa na kazi gani kabla ya hapa?

KiooSafi
Dada, nashukuru kwa kujali, lakini tangi dogo halina tatizo. Maji nimeyachota kutoka tangi kubwa na nimelisafisha vizuri mno. Kwa vile nimeshahamishia humo konokono wakubwa wawili ili wazalie huko huko, na nimeshawaahidi marafiki watatu kwamba nitawagawia watoto, naomba turudi kwenye chakula. Je, majani ya mwani mkavu yanafaa?

TaratibuTu
Konokono mwenyewe hana haraka, lakini mfugaji ameshagawa watoto kabla hawajaota magamba.

Mama Chujio
Sijajibiwa. Lilikuwa na kazi gani? Mawe na mchanga uliomo vimetoka wapi? Na hao wakubwa wawili, wanatembea?

KiooSafi
Wanapumzika chini, wamejikunja ndani ya magamba. Nadhani ni uchovu wa kuhamishwa.

Kuhusu tangi, kwa kuwa mmesisitiza, mwaka jana samaki wangu waliugua ule ugonjwa wa madoadoa meupe, nikawatibia humo kwa dawa ya shaba kwa mwezi mmoja. Walipona wote. Mawe na mchanga ni vile vile vya wakati huo, kwa sababu niliona ni hasara kutupa mawe yaliyokwisha kukomaa. Lakini naomba mnielewe kabla ya kunihukumu: nililisuuza mara tatu, nikalisugua kwa siki, na nilipopima shaba juzi kipimo kilionyesha sifuri. Sikutaja mwanzoni kwa sababu nilijua uzi wote ungegeuka kuwa wa shaba.

MkaaMweusi
Mficha uchi hazai, wazee walisema, na wewe unataka kuzalisha! Umeficha jambo lenyewe ukatuletea vipimo vya kalsiamu. Tena niseme wazi: asiyeweza kusimulia historia ya tangi lake asichukue dhamana ya kuzalisha kiumbe ndani yake.

Mama Chujio
Tusimkaripie sana, amesema. Sasa nisikilize, ndugu yangu. Samaki hutibiwa kwa shaba ya takriban miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, na kiwango hicho wanakistahimili. Konokono hawakistahimili, na mayai na viluwiluwi vya jamii ya konokono na chaza huharibika kwa kiwango kilicho chini mara nyingi zaidi ya hapo. Vipimo vyetu vya nyumbani, vile vya kulinganisha rangi ya maji na kadi, haviwezi kuonyesha kiasi hicho kidogo. Sifuri uliyoiona ni sifuri ya macho yako, konokono ana kipimo kingine.

Kioo kitupu kinaweza kusafishwa kikafaa tena, ingawa hata gundi ya silikoni watu wengi hawaiamini. Mawe na mchanga wa chokaa ni habari nyingine kabisa: hunyonya shaba wakati wa tiba, kisha huirudisha kidogo kidogo kwa miezi, hasa maji yakielekea kwenye uchachu. Wakubwa wawili waliojikunja hawajachoka, wana sumu. Watoe leo, si kesho.

KiooSafi
Naheshimu maelezo yako, dada, lakini ingekuwa shaba, wakubwa wangekufa siku ya kwanza pamoja na watoto. Nitawaacha siku mbili zaidi nione. Kuwahamisha tena kutawasumbua.

HesabuKali
Nimeusoma uzi huu nikiwa na kalamu mkononi, na hesabu zinakataa. Konokono anayemwaga moshi majini habandiki vifuko kwenye kioo, na anayebandika vifuko hamwagi moshi. Mtoto aliyetoka kwenye yai hafikii ukubwa wa punje ya mchele kwa siku nne. Hata Trochus, konokono mwingine mla mwani, ambaye kiluwiluwi chake huacha kuogelea na kutua baada ya siku chache tu, anapotua hafiki nusu milimita, na utahitaji lenzi kumwona. Picha hakuna hata moja. Mtu ameokota vitambaa vitatu sehemu mbalimbali akavishona kanzu moja. Ni hadithi za Abunuwasi hizi, na nyinyi mnabishana juu ya shaba ya kwenye hadithi.

PovuJeupe
Ama kweli. Nami nimeeleza sakafu yangu ilivyofurika kwa ajili ya konokono wa kufikirika?

KiooSafi
Nimesikitika sana. Mtu anayetunga hadithi angejitungia watoto walio hai. Picha sikuweka kwa sababu simu yangu haichukui vitu vidogo, lakini kila nilichoandika nimekiona kwa macho yangu: moshi, vifuko na wadogo weupe.

BabuWaMwani
HesabuKali, umehesabu vizuri, ila umehukumu vibaya. Vitambaa ni vitatu kweli, lakini vyote vinaweza kuwemo katika tangi moja kwa wiki moja. Kosa la mwenzetu ni kuvishona pamoja.

Moshi ni wa wale wakubwa. Dume hutoa mbegu, jike hutoa mayai, na kurutubishwa hutokea majini. KiooSafi, tazama magamba yao: yakiwa na umbo la pia iliyogeuzwa juu chini, na kifuniko cha mlangoni ni chembamba kama ukucha, hao ni Trochus, kifuniko kikiwa kigumu na kizito kama kijiwe, ndio Turbo. Natamani wawe Trochus, kwa sababu viluwiluwi vyao huishi kwa kiini cha yai, havihitaji kulishwa, na hutua upesi kiasi kwamba baadhi huponea hata katika tangi la kawaida, vikikwepa pampu na vinywa vya samaki.

Vifuko vya kwenye kioo ni vya hao wanne wanaojifukia, ambao kwa maelezo yako ni Nassarius. Vitaanguliwa viluwiluwi vinavyoogelea na kula mwani usioonekana kwa macho kwa muda mrefu, na mfugaji wa nyumbani ni nadra sana kuvifikisha. Usijisumbue navyo.

Sasa hao weupe, ambao ndio wananinyima usingizi. Konokono wadogo weupe wanaokaa karibu na konokono wakubwa nawashuku kuwa Pyramidellidae. Hao ni vimelea. Wana mrija wanaouchomeka kwenye nyama ya mwenyeji na kumfyonza, na hutoka zaidi usiku. Saa kadhaa baada ya taa kuzimwa, chukua tochi uangalie ukingo wa gamba, pale nyama inapokutana na mlango.

HesabuKali
Nimeikubali hiyo. Naondoa neno Abunuwasi, lakini picha bado naidai.

KiooSafi (siku mbili baadaye)
Nimerudi. Vifuniko ni vyembamba kama ukucha, kwa hiyo ni Trochus. Usiku nilimulika, na juu ya mmoja wao nilihesabu 11 weupe waliojipanga kwenye ukingo wa gamba kama shanga, na pembeni yao kulikuwa na matone ya utelezi ambayo nadhani ni mayai. Nakiri kwamba siku zote hizi nilikuwa nikiwatafutia chakula, na chakula chao walikuwa wamekikalia.

Wale wawili wa tangi dogo, mmoja nilipomwinua alikuwa tayari ananuka. Wa pili nimemweka kwenye ndoo safi yenye hewa, na leo ametoa pembe. Hata hivyo sidhani kwamba wazo la kuwa na tangi la kulelea lilikuwa baya. Ni mawe tu.

TaratibuTu
Kwa hiyo sumu yako iliua chawa 25 barabara. Ubaya ni kwamba ilimuua na mwenye chawa.

Mama Chujio
Wazo si baya. Tupa mawe na mchanga wote, na kwa watoto usitumie tangi hilo kabisa, tafuta jingine. Wakubwa watoe mmoja mmoja kila usiku, wapige mswaki kwenye ukingo wa gamba ndani ya bakuli la maji ya tangi, na maji hayo usiyarudishe. Endelea kwa wiki kadhaa, maana ukiwaondoa wakubwa utabakiwa na mayai. Aliye kwenye ndoo anza naye kabla hujamrudisha. Pampu ivalishe sponji, kioo cha nyuma usikiguse, na baada ya miezi miwili au mitatu utafute vipia vidogo vyenye mistari, si punje nyeupe.

KiooSafi
Mswaki mgumu au laini?

Mama Chujio
Laini. Na uwe mpya, usiwe na dawa ya meno.