Nimetolewa kwenye grupu la wakulima: je, Ibara ya 18 imevunjwa?

MkulimaWaIsyonje
Habari za jioni wakuu. Nalima viazi Isyonje, huku njia ya Tukuyu. Wiki iliyopita dalali alinijazia lumbesa, lile gunia lenye kilemba cha neti kilichoshonwa juu. Nikalipandisha kwenye mzani wa jirani: kilo 138, na bei ni ya gunia moja! Nikapiga picha, nikairusha kwenye grupu letu la WhatsApp. Kisha kwa hasira nikaandika kwamba katibu wetu amekula hela za mbolea na ndiye anayetuuza kwa madalali. Dakika tano hazikupita, admini kanitoa. Katibu naye kapiga simu, anasema tutaonana mahakamani. Sasa Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya Tanzania si inasema kila mtu ana uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake? Naweza kumshtaki admini?

Kijana_Mwanjelwa
Mkuu, umeonewa mchana kweupe. Kuongea ni haki yako. Wenzetu Marekani mtu anasema chochote na hafanywi kitu.

KaraniMstaafu_Iringa
Kamwene wanangu. Nimekuwa karani wa mahakama miaka 22, na mambo haya yananiuma kwa sababu nimeona watu wazima wakipoteza ng'ombe kwa sentensi moja.

Habari ya Marekani kwanza. Yale marekebisho ya Katiba yao ya mwaka 1791 yanaizuia serikali kuminya maneno ya watu. Hayamzuii mwenye grupu kukutoa, na kesi za kashfa, yaani za kumchafulia mtu jina, zipo kwao mpaka leo. Mwaka 1964 Mahakama yao ya Juu iliweka masharti magumu kwa kiongozi wa umma anayetaka kushinda kesi ya namna hiyo, lakini haikuzifuta.

Kwa hiyo mwanangu wa Isyonje, admini muache. Uhuru wako wa kusema haumlazimishi mtu akutunzie kiti barazani kwake.

Kazi iko kwa katibu. Ungeandika "katibu hatutetei kwa madalali", hayo ni maoni, na hapo ningesimama upande wako. "Amekula hela" ni tuhuma ya wizi. Soma Ibara ya 18, halafu fungua ya 30: uhuru wako usiingilie haki za wengine. Ukweli ni kinga katika kesi ya kashfa, ila uwe nao mkononi. Nimemwona mzee mmoja akiulizwa na hakimu, "Stakabadhi iko wapi?" Akabaki anaizungusha kofia yake vidoleni. Alikuwa amesikia kilabuni.

Kuna na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16. Kusambaza mtandaoni uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Lakini ile picha ya mzani usiifute! Hiyo umeiona kwa macho yako, na lumbesa imekatazwa. Hela za mbolea ziulizie kwenye mkutano wa wanachama, daftari la mapato na matumizi likiwa mezani.

Kijana_Mwanjelwa
Shikamoo mama. Na nikianza na "inasemekana", si nimejikinga?

KaraniMstaafu_Iringa
Marahaba. Hapana, baba. Aliyesikia kwa mwingine akarudia naye amesema. Hata ku-forward ni kusema.

MkulimaWaIsyonje
Ndaga fijo, mama. Nimekaa na mke wangu tukaulizana hizo habari za mbolea tulizipata wapi. Ni kwa mtu mmoja tu, kwenye daladala, na karatasi hatuna. Nimempigia katibu nikamwomba radhi, nikamwambia pia kwamba kwenye mkutano nitaomba daftari. Kanyamaza kidogo, kisha akasema sawa. Gunia liko stoo, kilemba chake bado kimeshonwa. Sitalifungua mpaka siku hiyo.