Mama anazidi kubanwa pumzi akifanya zoezi la kupumua kwa tumbo: je, linamfaa kweli?

Binti wa Mufindi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Walionizidi umri, shikamooni. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 61. Aliwahi kuugua kifua kikuu akatibiwa na kupona, na kwa miaka mingi amepika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Baada ya kupimwa kwa mashine ya kupuliza, daktari alisema njia zake za hewa zimeziba kwa kiasi kikubwa, tena hazifunguki vya kutosha hata baada ya dawa ya kuvuta, akampeleka kwa wataalamu wa fiziotherapia. Huko alifundishwa kulala chali, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni, kisha avute hewa kwa pua huku akilisukuma tumbo lipande na kifua kitulie.

Nyumbani mimi ndiye ninayemsimamia. Tumbo linapanda kama alivyoelekezwa, lakini misuli ya shingo inamkaza, mbavu za chini zinabonyea ndani kila avutapo hewa, na haichukui muda anashika ukingo wa kitanda na kuomba nimwinue. Naomba kueleweshwa: ni sisi tunaokosea namna ya kulifanya, au zoezi lenyewe halimfai?

Fizio wa Moshi

Pole sana kwa kumuuguza mama, na hongera kwa kutazama mbavu, kwa sababu wengi hutazama tumbo peke yake.

Kiwambo ni msuli mpana uliotandazwa kati ya kifua na tumbo, na kwa mtu mwenye afya aliyetulia, ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuvuta hewa. Kikiwa kimelegea kina umbo la kuba. Kikijikaza hushuka, hulisukuma tumbo mbele, na wakati huohuo huzinyanyua mbavu za chini na kuzipanua kwa pembeni. Sasa, mtu ambaye njia zake za hewa zimeziba hawezi kuitoa hewa yote kabla pumzi nyingine haijaingia, hivyo kila pumzi huacha masalio, mapafu hubaki yamejaa kupita kiasi, na kiwambo hukaa chini kikiwa kimelala bapa. Kikijikaza katika hali hiyo hakina tena nafasi ya kushuka, na nguvu yake, badala ya kuzipanua mbavu, huzivuta kuelekea ndani. Hicho ndicho unachokiona kwa mama, na hospitalini tunakiita ishara ya Hoover.

Kumwambia mgonjwa wa namna hii alisukume tumbo kwa nguvu ni kuuongezea mzigo msuli uliokwisha kuchoka. Tumbo litapanda, ndiyo, lakini kupanda kwa tumbo si ushahidi kwamba hewa zaidi imeingia. Mwongozo wa fiziotherapia ya mapafu uliotolewa Uingereza mwaka 2009 ulishauri kwamba zoezi hili lisifundishwe kama jambo la kawaida kwa wenye ugonjwa mkali wa kuziba njia za hewa. Na mimi binafsi sioni sababu ya kumlaza chali mtu ambaye hata usingizi wa chali unamshinda.

Kwa hiyo hamkukosea. Mwacheni aketi, ainame mbele kidogo, na mikono yake iegemee mapajani au juu ya meza. Mkao huo hulisukuma tumbo juu na kukirudishia kiwambo sehemu ya kuba lake, na mikono ikishapata egemeo, misuli ya shingo na mabega inaweza kusaidia kuvuta hewa. Avute kwa pua taratibu, kisha atoe kwa midomo iliyobanwa kidogo, vile mtu anavyopooza uji, bila kukaza tumbo. Akivuta kwa hesabu ya 2, atoe kwa hesabu ya 4. Pumzi ikitoka polepole hivyo, njia ndogo za hewa haziwahi kujifunga mapema. Atumie namna hii pia anapopanda ngazi au kubeba ndoo, akitoa pumzi wakati wa kujikakamua. Mrudini pia aliyemfundisha, mumweleze mlichokiona, kwani yeye anaweza kumgusa na kumpima, jambo ambalo mimi siwezi nikiwa hapa.

Mzee Kifaru

Naomba niongeze, msomaji asije akaondoka hapa akidhani zoezi hili ni baya kwa kila mtu. Mimi nilipasuliwa tumbo. Kwa maumivu ya mshono nilikuwa napumulia kifua cha juu tu, na mtaalamu akanieleza kwamba sehemu za chini za mapafu zisipopata hewa husinyaa, na makohozi yakikwama humo homa ya mapafu huwa jirani. Kwangu mkono juu ya tumbo ulisaidia sana, pamoja na kukumbatia mto kila nilipokohoa na kuamshwa kitandani nitembee mapema. Mapafu yangu, hata hivyo, hayakuwa na ugonjwa.

Binti wa Mufindi

Nashukuruni nyote. Leo amekaa mezani kama ulivyoelekeza na amekiri kwamba ana nafuu. Limebaki moja: kila asubuhi ana makohozi mazito, na akikohoa mfululizo anaishiwa nguvu kabisa.

Fizio wa Moshi

Hapo kuna mzunguko unaoweza kumfaa. Aanze kwa kupumua kwa utulivu, mabega yakiwa yamelegea. Kisha avute pumzi ndefu 3 au 4, kila moja akiishikilia kwa sekunde 3 hivi ikiwa haimchoshi, halafu arudi kwenye utulivu. Baada ya hapo afungue kinywa na koo, aitoe hewa kwa msukumo wa wastani wenye sauti ya «haa», mara 1 au 2, ndipo akohoe kama makohozi yamefika juu. Apumzike, kisha arudie. Msukumo huo huyasogeza makohozi kwa gharama ndogo kuliko kikohozi cha mfululizo. Kama ana dawa ya kuvuta ya kufungua njia za hewa, aitumie kwanza, na zoezi lisifuate mara tu baada ya kula.

Akitoa damu, akipata homa au jasho jingi la usiku, au akianza kukonda, acheni mazoezi na mpelekeni makohozi yakapimwe upya, kwa sababu aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kukipata tena.