Nimekwenda kwa fundi mara tatu amplifaya ya valvu ikikoroma, kumbe ugonjwa ni kidude cha shilingi 1,500

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza mahali mtanivumilia.

Nina amplifaya ya gitaa ya valvu (vile vichupa vya kioo vinavyowaka na kukuza sauti), ya Muingereza, ya miaka ya 60. Aliniachia mjomba wangu, mtu wa TAZARA, ile reli ya Tanzania na Zambia, ambaye aliinunua upande wa Zambia akaishusha kituo cha Iyunga, Mbeya, kwa treni. Nyuma ina valvu nne za EL84 za kusukuma spika, mbele ina ndogo kadhaa za ECC83 za kuikuza kwanza sauti ya gitaa. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikikolea, unapashia mikono juu yake.

Mwezi wa tatu ikaanza kukoroma. Sisemi ule ukali mtamu ambao wapiga solo wanautafuta kwa kufungua sauti hadi mwisho. Hii dakika kumi za kwanza ni safi, ikishapata moto nyuzi nene zinatoka kama mtu anayeongea na ugali mdomoni, na noti ikielekea kufa inakatika kwa mkwaruzo. Hata sauti ikiwa chini kabisa.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mwanjelwa, jina namhifadhia. Mara ya kwanza hakugusa mita ya kupimia. Kasikiliza, kakuna kidevu, kasema "spika hiyo". 80,000 ya kuvisha koni mpya. Nyumbani, koroma ileile. Kujua kama spika ndiyo mbaya unachomeka amplifaya kwenye spika nyingine yenye omu (kipimo cha ukinzani) zilezile, basi. Dakika mbili.

Mara ya pili: "Valvu zimechoka, bosi." 240,000, zikaingia nne mpya. Wiki tatu, moja ikafa.

Mara ya tatu ikawa umeme wa kwetu, ninunue stabilaiza. Siku hiyo nilimkuta anaijaribu huku waya wa spika ameuchomoa! Amplifaya ya valvu ukiifungua sauti bila spika unaweza kuunguza transfoma ya kutoa sauti, na hiyo ukiipata Mbeya niite niione. Nikapiga kelele. Jibu: "Dogo, mimi nimeanza ufundi hujazaliwa."

Nikaibeba nikarudi nayo kwa bajaji, nimeipakata kama mtoto mgonjwa.

Usiku nikaigeuza, nikazima taa ya chumbani, nikasubiri. Baada ya robo saa nikaona jambo ambalo mtu wa miaka yote hiyo kazini hakuliona: valvu mbili za upande wa kushoto, lile bati la ndani ya kioo limeiva jekundu kama mkaa. Mbili za kulia zimetulia. Uzi wa katikati kuwaka chungwa ni kawaida, bati kuwa jekundu ni valvu inakufa.

Nikazima, nikaacha zipoe, nikazihamisha: za kushoto kulia, za kulia kushoto. Nikawasha. Wekundu ukabaki kushoto! Sasa hapo hata mtoto wa darasa la tano atakwambia valvu hazina kosa, kosa liko upande ule zinakokaa.

Nikaazima mita. (Kabla hamjaniiga: humo ndani mna volti zaidi ya 300, na kapasita kubwa (vidude vinavyohifadhi umeme) zinabaki na umeme hata ukichomoa plagi. Zimalize umeme kwa rezista, hakikisha kwa mita, ndipo uguse. Ukipima ikiwa inawaka, mkono mmoja mfukoni.) Mguu namba 2 wa EL84, yaani gridi, inayoamua valvu ipitishe umeme kiasi gani, kwenye amplifaya ya aina hii unatakiwa usome sifuri. Kulia, sifuri. Kushoto, volti 11 chanya.

Zinatoka wapi? Kuna kapasita ndogo inayopitisha muziki kutoka valvu za mbele kwenda za nyuma na kuzuia umeme mkubwa usipite. Ikizeeka inavuja, na ikipata joto inavuja zaidi. Gridi ikipata volti chanya, valvu inavuta umeme kupita kiasi, inaiva, muziki unapasuka. Kila upande una yake, ndiyo maana zinaiva mbili tu. Zangu ni za mikrofaradi 0.1, volti 630. Nilinunua mbili, 1,500 kila moja, nikazilehemu zote mbili. Leo siku ya kumi na moja, sauti kama maji ya mtoni.

Kwa hiyo 320,000 yangu imekwenda kwa kubahatisha. Fundi kukosea namsamehe, kila mtu anakosea. Kinachonichoma ni nilipomfuata kudai valvu zangu za zamani, zile alizosema zimechoka. Kumbe hazikuwa na tatizo! Ni Mullard halisi, chapa ya zamani ya Uingereza, na wapenzi wa vitu hivi wanajua zinatafutwa kwa bei gani. Anasema alitupa. Jalala gani? Hakumbuki. Siku gani? Hakumbuki. Wakati chini ya meza yake kuna makopo ya skrubu tangu enzi za redio za mbao, huyo hatupi hata msumari.

Kama kuna mtu Mbeya, Tunduma au Iringa ameuziwa EL84 za Mullard tangu mwezi wa nne, naomba aziangalie chini. Mbili zina nukta ya rangi ya kucha, nyekundu. Mjomba aliiba kichupa cha mkewe akazitia alama asizichanganye. Nitarudisha hela uliyotoa, sitauliza mengi. Njoo inbox.