Trekta dogo la minyororo: navuta wenzo wa kushoto, linageukia kulia

Mkulima_Mgeni aliuliza:

Habari zenu, wanajukwaa.

Naomba msaada wa wenye uzoefu. Nimeendesha matrekta ya magurudumu kwa zaidi ya miaka kumi, lakini mwezi uliopita nilinunua trekta dogo la minyororo lililokwisha kutumika, lenye bledi (sahani pana ya chuma ya kusukuma udongo) mbele, kwa ajili ya kusawazisha ardhi na kung'oa visiki. Halina usukani. Lina nyenzo mbili za mkono, mmoja kwa kila mnyororo, na pedali mbili za breki. Muuzaji hakuwa na kitabu cha maelekezo, na alichonieleza ni kwamba nikitaka kwenda kushoto nivute wa kushoto, nikitaka kulia nivute wa kulia.

Juzi nilikuwa nateremka kwa gia ya pili, mtaro ukiwa upande wangu wa kulia. Nikavuta wenzo wa kushoto ili nijitenge nao, trekta likageukia kulia. Nikavuta kwa nguvu zaidi, nalo likazidi kuufuata mtaro. Hapo nikavuta nyenzo zote mbili nikidhani litasimama, kumbe ndipo likaanza kukimbia. Kilichoniokoa ni bledi: niliishusha, ikachimba udongo, tukasimama hatua tatu kabla ya mtaro.

Je, kuna kitu kimeharibika ndani? Nina mambo mengine mawili pia. Kwenye tambarare, nikivuta wenzo wa kulia trekta haligeuki mpaka nikanyage breki, na hapo injini hutaka kuzimika. Tena mnyororo wa kushoto ulitoka siku moja nilipokuwa narudi nyuma huku nikikata kona. Mtu mmoja akanishauri niukaze usicheze kabisa. Nimeukaza, lakini sasa unalia kama kinu.

Nyenzo_Mbili alijibu:

Pole kwa mshtuko, ndugu, na heri uliikumbuka bledi. Kuhusu swali lako la kwanza, trekta halina kosa. Mwenye kosa ni aliyekupa maelezo nusu.

Wenzo wa mkono haufungi breki. Kazi yake ni kuachanisha klachi ya upande wake, ili nguvu ya injini isifike kwenye mnyororo wa upande huo. Mahali tambarare, hasa ukiwa unasukuma au unavuta mzigo, mnyororo ulioachanishwa hupunguza mwendo kwa sababu hakuna kinachouzungusha, ule mwingine huendelea, na trekta hugeukia upande wa wenzo uliovutwa. Mteremkoni mambo hugeuka, kwa kuwa pale anayesukuma ni uzito wa trekta lenyewe na anayezuia ni injini. Ulipovuta wenzo wa kushoto uliuondolea mnyororo wa kushoto kizuizi pekee uliokuwa nacho, ukakimbia, huku wa kulia ukiendelea kushikwa na injini, na ndiyo maana trekta likazungukia kulia. Ulipovuta nyenzo zote mbili uliikata injini na minyororo yote, ukabaki umekalia tani kadhaa za chuma zisizoshikwa na kitu chochote. Kukanyaga klachi kuu, au kutoa gia katikati ya mteremko, huleta matokeo yaleyale.

Kwa hiyo, ukiwa unateremka na unataka kwenda kushoto, vuta wenzo wa kushoto mpaka mwisho na ukanyage breki ya kushoto wakati huohuo. Mnyororo huo utashikwa na breki badala ya injini, na trekta litakutii. Wako waendeshaji wakongwe ambao kwa kona ndogo huvuta wenzo wa upande wa pili bila breki, yaani wa kulia ili waende kushoto. Inafanya kazi, lakini simshauri anayejifunza, kwa sababu mteremko ukiisha ghafla au bledi ikikamata udongo, injini hurudi kuvuta na trekta hubadili mwelekeo ukiwa bado umeshika wenzo uleule. Trela zito linalokusukuma kwa nyuma huleta mkanganyiko huo hata kwenye mteremko mdogo. Gia ndogo ichaguliwe kabla ya kuanza kuteremka, na isiguswe mpaka ufike chini.

Niongeze kwamba si matrekta yote ya minyororo yana tabia hii. Yale yanayokata kona kwa difu (gia zinazogawa mwendo kati ya minyororo miwili), kama Cletrac za zamani, hayaachanishi mnyororo wowote na injini. Wenzo hufunga breki ya upande mmoja na difu huongeza kasi ya upande wa pili, hivyo mteremkoni hayaendi kinyume na wenzo. Ukipanda trekta usilolijua, uliza kwanza ni la aina gani, au lijaribu kwenye mteremko mdogo ulio wazi, kwa gia ya kwanza.

Kwa kuwa umetaja visiki: funga mnyororo wa kuvutia kwenye ndoano ya chini tu, kamwe usiufunge juu ya ekseli wala kwenye kiti. Ukivuta kutoka juu na kisiki kikakataa, minyororo huendelea kupanda, pua huinuka, na trekta hupinduka kinyumenyume kabla hujafikia klachi. Na ukivuka gogo, livuke kwa kulikabili mshazari, polepole sana, kwa sababu trekta hupanda, husimama juu yake kama mizani, kisha hudondoka mbele kwa kishindo ambacho kimewatupa wengi nje ya kiti. Kama lako lina fremu ya kumlinda mwendeshaji trekta linapopinduka, funga mkanda kila mara. Kama halina fremu hiyo, mkanda utakufunga chini ya trekta, na ni heri miteremko mikali uiache kabisa.

Grisi_Mkononi alijibu:

Mimi nitajibu la mnyororo, kwa sababu ushauri uliopewa utakula fedha zako. Mnyororo uliokazwa mpaka usicheze husaga pini na bushi zake (vyuma vinavyounganisha viungo vyake), hutafuna meno ya sproketi (gurudumu la meno linalouzungusha), hunyonya nguvu ya injini na kuzibebesha beringi za gia za pembeni, zile zinazopeleka nguvu kwenye kila sproketi, mzigo ambao hazikutengenezewa. Huo mlio wa kinu ndio wenyewe.

Pima hivi. Endesha mbele taratibu mahali tambarare, kisha acha trekta lisimame lenyewe bila kukanyaga breki, ili ulegevu wote ukae juu. Laza ubao ulionyooka juu ya mnyororo, kutoka gurudumu la mbele hadi sproketi au hadi rola ya juu kama ipo, kisha pima kwa rula mahali mnyororo uliposhuka zaidi chini ya ubao. Kwa matrekta madogo mengi, nafasi hiyo huwa kati ya sentimita 2.5 na 4, ingawa kipimo cha kitabu cha trekta lako ndicho cha kufuata ukikipata. Pima mnyororo ukiwa katika hali ya kazi, pamoja na tope lake: tope likijaa kwenye meno ya sproketi, mnyororo hujikaza wenyewe, na ukiurekebisha ukiwa msafi utauona umekuwa kama waya wa gitaa baada ya saa moja shambani. Jioni kwangua tope lote kabla halijakauka. Kazi hii inachosha kuliko zote, na ndiyo inayookoa fedha nyingi kuliko zote.

Namna ya kulegeza inategemea kirekebishi chako, yaani kifaa cha kukaza na kulegeza mnyororo. Cha zamani ni bolti yenye nati na hakina hatari kubwa. Cha grisi ndicho cha kuheshimu. Valvu ya kutolea grisi hulegezwa mzunguko mmoja tu, ukiwa umesimama pembeni, uso na mikono mbali na tundu, kwa sababu grisi iliyo ndani ina msukumo wa kutoboa ngozi. Aliyechomwa nayo apelekwe hospitali hapohapo, hata kama alama ni ndogo kama ya sindano na haiumi. Grisi isipotoka, usizidi kufungua. Rudi kwenye kiti, sogeza trekta mbele na nyuma kidogo, kisha zima injini na uangalie tena. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna springi kubwa ya kupokea vishindo, ambayo hubaki imebanwa hata mnyororo ukiwa umevuliwa. Hiyo usiifungue bila kifaa chake maalumu.

Kuhusu mnyororo kutoka ulipokuwa unarudi nyuma, hilo si ajabu. Ukienda mbele, sehemu ya juu ya mnyororo haina mzigo. Ukirudi nyuma, sproketi huvuta kutokea juu, na urefu wote unaopita gurudumu la mbele hadi ardhini hukazwa, huku viungo vikikunjana vikiwa vimebanwa. Kwa hiyo kurudi nyuma huchakaza zaidi, na kukata kona kali ukirudi nyuma, tena ardhi ikiwa imeinama, ni kuuomba mnyororo utoke. Siku ukitoka tena, urudishe kwa mtaimbo, na mkono wa mtu usiingie kati ya mnyororo na sproketi wakati kuna mwingine kitini.

Angalia pia kama kirekebishi kimefika mwisho wake. Kikiwa kimefika, mnyororo haujalegea bali umerefuka, maana pini na bushi zimelika upande mmoja. Fundi mwenye mashine ya kukamulia anaweza kuzigeuza nusu mzunguko zikatumika upande wa pili, mradi bushi hazijatoboka. Usidanganywe kununua sproketi mpya peke yake: mnyororo uliorefuka utaitafuna mpaka ifanane na ya zamani.

Mzee_wa_Karakana alijibu:

Wenzangu wamesema vizuri, nami nitasema la wenzo wa kulia. Kwanza ujue klachi zako ni kavu au zinaogelea kwenye oili. Kama ni kavu, na trekta lilikaa nje muda mrefu, pleti zimeshikana kwa kutu, hivyo unapovuta wenzo haziachani, na breki inajikuta inapigana na injini. Hakikisha kwanza wenzo una mchezo wake sahihi, yaani ile nafasi unayosogea kabla haujaanza kuvuta klachi, kwani huenda ni kurekebisha nati tu. Kama mchezo ni mzuri, fungua plagi ya chini ya chumba cha klachi uone kinachotoka, kisha funga wenzo ukiwa umevutwa mpaka mwisho kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo, mahali tambarare na wazi, tia gia ya kwanza, vuta wenzo wote na ukanyage breki ya kulia kwa mkupuo. Sisi zamani tulikuwa tunamwaga mafuta ya taa ndani kwanza.

Nyenzo_Mbili alijibu:

Mzee, shikamoo. Naafiki yote isipokuwa mafuta ya taa. Breki za matrekta mengi ya aina hii zimo katika chumba hichohicho na hupata moto sana. Mafuta yakibaki humo yanaweza kuwaka, tena kwa kutu ya pleti yanasaidia kidogo mno.

Mzee_wa_Karakana alijibu:

Marahaba. Nakubali, na mmoja wetu aliunguza nyusi kwa njia hiyo.

Mkulima_Mgeni aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimerudi na matokeo.

Mnyororo wa kushoto haukuwa na ulegevu hata kidogo; ubao ulikaa umeugusa mwanzo hadi mwisho. Nimeulegeza hadi sentimita 3 na mlio umekwisha. Kirekebishi kimebakiza kama theluthi ya safari yake. Kwenye plagi ya kulia yalitoka maji ya kutu, karibu nusu kikombe, bila oili. Nilifunga wenzo kwa usiku tatu, na kwenye jaribio la nne nikasikia mlio kama kijiti kinachovunjika, mnyororo wa kulia ukasimama wenyewe na injini ikaendelea kuunguruma bila kulemewa. Mteremkoni bado sijarudi.

Jambo moja limenitia wasiwasi. Plagi ya kushoto ilitoa oili nyeusi, nzito, matone mfululizo. Upande huo wenzo unafanya kazi vizuri, kwa hiyo nauliza kama naweza kuendelea na kazi kwanza.

Grisi_Mkononi alijibu:

Kama klachi zako ni kavu, na ule upande wa kulia unaonyesha hivyo, basi oili hiyo imevuja kupitia sili (kizibo cha kuzuia oili), ama kutoka giaboksi ama kutoka gia za pembeni za kushoto. Pima oili ya vyote viwili leo, weka alama, upime tena baada ya siku ya kazi. Kitakachopungua ndicho chenye sili mbovu. Wenzo kufanya kazi vizuri si ushahidi wa uzima, maana klachi yenye oili huachana kwa urahisi sana. Tatizo lake ni kushika: utaliona ukisukuma mzigo mzito, mnyororo wa kushoto utachelewa na trekta litavuta kuelekea kushoto lenyewe.

Kazi nyepesi ya tambarare unaweza kuendelea nayo kwa siku chache, ukiangalia viwango vya oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mteremkoni usiende. Nyenzo_Mbili amekueleza kwamba ukiteremka, kona yako ya kushoto inategemea breki ya kushoto, na kama breki yako imo katika chumba hicho, ukanda wake nao umelowa oili hiyohiyo.